Kwa nini papa mweupe hadumu tangini, ilhali papa potwe anadumu?

MwalimuTanga
Wanajukwaa, nawasalimu. Nafundisha baiolojia kidato cha tatu, na tulipofika kwenye upumuaji wa samaki wanafunzi walinibana kwa swali linalostahili jibu la kina kuliko nililowapa. Wamesikia kwamba zipo akwariamu nchini Japani na Marekani zinazofuga papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini papa mweupe, ambaye kwa umbo ni mdogo kwake, hafugwi popote. Wanauliza: kama tatizo si ukubwa wa mwili, tatizo ni nini? Nami naongeza langu: je, huyo potwe anayedumu tangini, tuseme kweli anaishi vyema?

MzamiajiMkuu
Mwalimu, ukubwa una nafasi yake, lakini linaloamua zaidi ni namna papa anavyopumua na kasi anayoihitaji. Papa usingizi, yule ambaye wavuvi wetu humkuta amejilaza chini ya miamba mchana, huyasukuma maji kwa kinywa yapite kwenye matamvua hata akiwa ametulia tuli, kwa hiyo maisha ya tangini hayamtesi sana. Papa mweupe hupata hewa kwa kusonga mbele tu, na mwili wake umeumbwa kwa safari za masafa marefu. Tangini, ukuta humlazimisha kukata kona kila mara, na kona hizo humchosha, humchubua pua, na mara nyingi humfanya asusie chakula. Potwe naye haachi kuogelea, lakini mwendo wake ni wa taratibu, na chakula chake huchotwa kwa ndoo na kumwagwa mbele ya kinywa chake.

Majaribio yamefanyika. Mwaka 1980 akwariamu ya Steinhart, San Francisco, ilimweka papa mweupe kwa siku chache. Ikaonekana kwamba alisumbuliwa na sehemu moja ya tangi iliyokuwa na tofauti ndogo mno ya umeme, kwani papa huhisi umeme hafifu kwa viungo vilivyomo puani. Wakamrudisha baharini. Waliofika mbali zaidi ni Monterey Bay Aquarium ya California. Mwaka 2004 walimpokea jike mchanga wa takriban mita 1.5, baada ya kumzoesha kwanza ndani ya kizimba kikubwa cha wavu baharini. Akala, akanenepa, akadumu siku 198, hadi alipowaua papa wenzake wawili akaachiliwa Machi 2005. Kufikia 2011 walikuwa wameweka sita, wote wachanga, na wa mwisho alikufa muda mfupi baada ya kuachiliwa. Hawakuendelea. Papa mweupe wa mita 3.5 aliyewekwa katika akwariamu ya Okinawa Churaumi, Japani, Januari 2016 alikufa baada ya siku tatu.

MkaziWaAtlanta
Ahsante kwa maelezo hayo, ndugu Mzamiaji. Naomba nizitetee akwariamu kidogo, kwa sababu yapo mambo tusingeyajua bila hizo. Papa wa Monterey walifungwa vifaa na mwendo wao ukafuatiliwa baada ya kuachiliwa. Mwaka 2001, mjini Omaha, Marekani, papa jike wa jamii ya pingusi (papa wenye kichwa kama nyundo) alizaa mtoto ilhali tangini hamkuwa na dume, na vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa 2007 vikathibitisha kwamba mtoto yule hakuwa na baba. Hata hivyo lazima nikiri kwamba hapa Atlanta, ambako Georgia Aquarium ilifunguliwa Novemba 2005 ikiwa na tangi la zaidi ya lita milioni 20, potwe wawili madume walikufa mwaka mmoja, 2007, baada ya kupoteza hamu ya kula. Dawa ya kuua vimelea iliyokuwa imetiwa majini ilitajwa kuwa huenda ilichangia.

BintiKilindoni
Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mafia, ambako potwe hufika karibu kabisa na Kilindoni kufuata uduvi na dagaa, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, kwa hiyo swali lako la pili linanigusa. Kudumu ni jambo moja na kuishi vyema ni jambo jingine. Potwe maarufu wa Okinawa ametunzwa kule tangu 1995, na amezidi urefu wa mita 8. Tangi lake lina urefu wa mita 35, upana wa mita 27 na kina cha mita 10. Yaani urefu wa tangi zima ni kama mara nne tu ya urefu wa mwili wake, naye ni wa aina ya samaki ambao vifaa vya kufuatilia mwendo vimewarekodi wakizama zaidi ya mita 1,800. Siwezi kumwita huyo anaishi vyema, hata kama anakula kila siku.

Ndugu wa Atlanta, mfano wako wa Omaha ni wa kweli, lakini yule alikuwa papa mdogo. Kwetu potwe anajulikana mmojammoja kwa madoa ya ubavuni yanayopigwa picha, na wenye mashua hupata riziki kwa kuwapeleka wageni, bila kumtoa potwe yeyote majini. Hofu yetu ni jarife, yaani wavu wa kuvulia unaoweza kumnasa potwe, na huko ndiko ningependa fedha za utafiti zielekezwe.

MwalimuTanga
Marahaba, binti. Basi yupo papa mkubwa anayefaa kufugwa?

MzamiajiMkuu
Anayeonekana zaidi ni papa aitwaye kitaalamu Carcharias taurus, mwenye meno yaliyochomoza, anayefikia mita 3. Humeza hewa ili aelee bila kuogelea kwa nguvu, kwa hiyo huishi tangini miaka mingi. Hata yeye baadhi hupinda uti wa mgongo, na papa wa tangini hupata rovu, yaani uvimbe wa tezi ya koo, pale iodini inapopungua majini, jambo ambalo ozoni ya kusafishia maji huweza kulisababisha. Ukiwapeleka wanafunzi kwenye akwariamu yoyote, waambie wautazame mgongo na koo la papa kabla ya kuyatazama meno.