Kituo cha kulelea watoto kimemkataa mwanangu bila kuuliza swali hata moja

Wadau naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Asubuhi kwenye simu waliniambia nafasi ipo, mlete mtoto tujaze fomu. Nimefika naye, ana miaka 4, ana mtindio wa ubongo, anatembea kwa kusukuma kigari chake cha kujishikilia na maneno yanachelewa kutoka ila yanatoka. Kuona tu misumari ya kutundikia mabegi akajikokota mpaka ukutani akatundika la kwake mwenyewe, akageuka ananicheka. Yule meneja hakumtazama usoni, macho yote miguuni, akafunga fomu: mama huyu hatumuwezi, hatuna mtaalamu, halafu wazazi wengine watalalamika.

Nikaenda kulitungua lile begi huku mtoto ananiangalia. Hakuelewa.

Mtaalamu wa nini jamani?? Angeuliza angeambiwa mtoto anahitaji kiti chenye pa kuegemea na mtu wa kumshika mkono akienda msalani, basi. Mbona watoto wa umri ule wote wanashikwa mkono! Mimi mwenyewe sijasomea chochote na namlea tangu azaliwe.

Na asije mtu hapa kuniambia biashara ya mtu anachagua mteja. Mkataba wa UN wa haki za watu wenye ulemavu, wa 2006, ibara ya 2 inasema kabisa kumnyima mtu marekebisho ya kawaida ambayo hayakuelemei kupita kiasi ni ubaguzi, na ibara ya 7 ni ya watoto moja kwa moja, na karibu nchi zote duniani zimeuridhia. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989 nao, ibara ya 18, watoto ambao wazazi wao wanafanya kazi wana haki ya kunufaika na huduma za malezi, na haikuandikwa popote kwamba wenye ulemavu watolewe. Marekani kwa sheria yao ya 1990 hata kituo cha mtu binafsi kinabanwa (vinavyoendeshwa na taasisi za dini ndio vimeachwa), huwezi kumkataa mtoto kwa hofu tu, unamwangalia huyo huyo aliye mbele yako anaweza nini na anahitaji nini, bima kupanda sio sababu, na gharama ya kumrekebishia mazingira humtwishi mzazi wake peke yake. Ndio ina mipaka, haimlazimishi mtu afunge kituo, lakini kiti jamani, kiti kinamfilisi nani?

Nikamwambia sawa, niandikie hiyo sababu kwenye karatasi. Eti huwa hawaandikagi.

Sasa kesho narudi na barua yangu nakala mbili, moja wapokee na nyingine wanigongee muhuri. Waliowahi kupeleka malalamiko kama haya mpaka yakasikilizwa, mlianzia wapi na mlidaiwa ushahidi gani? Nijibuni, usiku huu silali.