C172 kupoteza nguvu baada ya kuruka uwanja wa Nduli, Iringa: tuanzie wapi?

Swali
Wakuu, Cessna 172N (ndege ndogo), injini O-320 ya kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa), imeruka Nduli saa nane mchana, joto nyuzi 28. Ikiwa futi 300 juu ya uwanja RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ikashuka, injini ikatetemeka, throtoli (mkono wa nguvu) iko mwisho na mikscha (mkono wa kurekebisha mafuta kwa hewa) iko ndani kabisa, yaani mafuta mengi. Magneto (vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za plagi) zilipimwa ardhini, zikawa sawa. Tukague nini kwanza? Na kwa kimo kile, kugeuza kurudi uwanjani inafaa?

Jibu 1
Mkuu, mikscha hiyo. Nduli iko karibu futi 4,700, ambako joto la kawaida ni kama nyuzi 6. Mmezidisha nyuzi 22, na kila nyuzi ya ziada ni kama kuongeza kimo futi 120, kwa hiyo injini ilikuwa inahema hewa nyepesi kama ya karibu futi 7,300. Mafuta yanazidi hewa, plagi zinashika masizi. Kabla ya kuachia breki, throtoli mpaka mwisho, kisha vuta mikscha taratibu hadi RPM ifike kilele. Hata hivyo mtapata robo tatu tu ya nguvu za usawa wa bahari, basi punguzeni mzigo au mruke asubuhi.

Jibu 2
Naunga mkono, ila msiyaache maji. Yakilala chini ya tangi, majaribio ya ardhini yanapita vizuri. Pua ikiinuka yanafika kwenye bomba. Chujeni mabawa yote mawili na chujio la injini, hasa mafuta yakitoka kwenye pipa. 100LL (petroli ya ndege) ni ya bluu; maji hukaa chini yake. Barafu ya kabureta siamini kwa joto hilo kama hewa ni kavu. Asubuhi ya ukungu Njombe ningeishuku kwanza.

Jibu 3
Kurudi, hapana! Futi 300 hazitoshi. Shusha pua papo hapo, shika kasi ya noti 65 (maili za baharini kwa saa), tua mbele, ukikwepa vizuizi ndani ya nyuzi 30 kila upande. Ukilaza ndege nyuzi 45, kasi ya kustoli (ambayo chini yake bawa haliibebi ndege) inapanda karibu asilimia 20. Tena kwenye hewa ile noti 65 za kwenye kipimo cha kasi ni kama 73 halisi, kwa hiyo duara la kugeuka linapanuka. Muda ukiruhusu: washa hita ya kabureta, weka selekta ya mafuta kwenye BOTH (matangi yote mawili), rekebisha mikscha. Kabla ya kugusa ardhi funga mafuta na magneto.

Nguvu nusu ndiyo inayoua, maana inampa rubani tamaa ya kurudi. Kama ndege haishikilii kimo kwa noti 65, ihesabu injini imezimika.

Muuliza swali
Asante wakuu. Na fundi aanzie wapi?

Jibu 1
Afungue plagi za chini. Zikiwa nyeusi zenye masizi makavu, jibu ni mikscha. Zikiwa safi, amwage bakuli la kabureta kwenye chupa angavu atazame maji, kisha akague kebo ya mikscha na kilango cha hita kama kinafunga sawasawa. Ndege isiruke kabla ya hapo.