Nyumba ya wazee imempa mama yangu UTI na upele, halafu wakatuficha. Nimechoka!

Wakuu habari za usiku. Naandika hapa nikiwa na hasira, na uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 74, mwaka jana alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Tuko watoto wanne, mmoja yupo Mwanza, sisi wengine tuko hapa Dar na kazi za kutoka saa kumi na moja alfajiri kurudi saa mbili usiku, foleni za hili jiji kila mtu anazijua. Tumebadilisha dada wa kazi watatu ndani ya miezi mitano, hakuna aliyeweza kumgeuza mama na kumsafisha inavyotakiwa. Ndo tukakubaliana apelekwe kwenye nyumba binafsi ya kutunzia wazee, tunachanga kila mwezi. Jina sitaji, kuna wazee bado wamo mle na sitaki wao ndo waje kulipa.

Najua watakuja wa kusema mzazi hapelekwi kwa watu baki. Semeni. Mimi nimelala chini pembeni ya kitanda cha mama miezi mitano, usiku naamka mara nne kumgeuza asipate vidonda, asubuhi naenda kazini. Tulimpeleka ili atunzwe vizuri kuliko tulivyoweza sisi.

Sasa sikieni. Jumapili moja nikaenda bila kupiga simu. Getini ile ndoo ya maji tiririka ya kipindi cha corona ipo, koki imeshika kutu, ndani kavu. Nikaingia chumbani nikamkuta binti mhudumu anamsafisha mzee wa kitanda cha jirani, babu wa watu alikuwa anaharisha, binti amevaa glovu. Akamaliza, pampasi akatupia kwenye ndoo, halafu na glovu zilezile akaja kwa mama, akamtoa nywele usoni, akashika mpira wa mkojo, akafungua koki ya mfuko akamwaga. Glovu zilezile wakuu! Mfuko wenyewe ulikuwa umelala sakafuni. Nikamshika mkono nikamuuliza mdogo wangu hizo glovu umetoka nazo wapi? Akaniangalia, machozi yakaanza kumtoka, akasema "dada, tunapewa pea mbili kwa zamu, na wazee wako kumi na saba." Wenzake wengine wanazifua na sabuni ya unga wanazianika dirishani.

Yule binti simlaumu hata kidogo. Hajasomea, kaletwa kazini na shangazi yake, kafundishwa kazi siku mbili. Kila nesi aliyepita chuo anazijua nyakati tano za kunawa mikono za Shirika la Afya Duniani: kabla hujamgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi mkubwa kama kushika katheta, yaani huo mpira wa mkojo, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Glovu hazifuti hata wakati mmoja kati ya hizo, zinatoboka, na ukizivua bado unatakiwa unawe. Sasa huyu binti atanawa wapi wakati sinki la karibu lipo jikoni, kipande cha sabuni hakuna, na maji ya bomba yanatoka siku tatu kwa wiki? Mwenye nyumba ameweka tailizi mpya na televisheni kubwa sebuleni kwa ajili ya sisi tunaokuja kuangalia kabla ya kulipa.

Wiki mbili baadaye mama akaanza kuweweseka. Mama yangu anaongea kwa shida lakini akili yake iko timamu, siku hiyo akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki 1998 akawa ananiuliza kama nimeshateka maji. Meneja akaniambia "dada yangu, uzee huo, wote wanafika huko." Nikaita bajaji nikampeleka hospitali. Homa juu, mkojo mchafu, UTI kali, na vipimo vya kuotesha mkojo vikaonyesha dawa mbili hazifui dafu kwa hao vijidudu. Daktari akanieleza kwamba mzee akichanganyikiwa ghafla usiseme ni uzee, kwanza tafuta ugonjwa. Na mfuko wa mkojo unakaa chini ya usawa wa kibofu lakini haugusi sakafu, na ukiuinua juu ya kibofu, mfano ukimlaza nao kifuani wakati unamhamisha kitanda, mkojo unarudi ndani na uchafu wake. Nikakumbuka mara ngapi nimewaona wanamhamisha na mfuko juu ya tumbo, na mimi nimesimama hapo nasema asanteni.

Mama akatibiwa, akarudishwa kulekule, maana tulikuwa tumelipa miezi mitatu mbele. Hilo ni kosa letu na linaniuma.

Halafu ndo likaja lililonifanya niandike huu uzi. Mama akaanza kujikuna. Usiku zaidi. Katikati ya vidole, kwenye viganja, kiunoni, chini ya matiti. Meneja akasema ni joto la Dar, mpakeni poda. Baadaye wakampaka tyubu fulani ya famasi, kumbe ni ya steroidi, muwasho ukapungua siku chache huku ugonjwa unasambaa chini kwa chini. Nyumbani kwangu mtoto wangu wa miaka sita, ambaye kila Jumamosi anapanda kitandani kwa bibi yake anamsimulia habari za shule, naye akaanza kujikuna. Nikampeleka kituo cha afya, daktari akaangalia vidole tu akauliza "nani mwingine nyumbani anajikuna?"

Upele. Wadudu wadogo jamii ya utitiri, huwaoni kwa macho, wanachimba chini ya ngozi. Na kinachoniumiza ni hiki: mtu akiambukizwa kwa mara ya kwanza anakaa wiki nne mpaka sita hajaanza kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza. Kwahiyo mzee mmoja akianza kujikuna, ujue wenzake wameshapata zamani. Huwezi kumtibu mmoja. Wanatibiwa wote siku moja, wazee, wahudumu, na sisi ndugu tunaowashika, dawa inapakwa kuanzia shingoni mpaka nyayo, kwa wazee hata kichwani, inalala usiku mzima, na kuna kurudia. Mashuka na nguo zinafuliwa kwa maji ya moto sana, kisichofulika kinafungwa kwenye mfuko siku tatu, mdudu akikosa mwili wa mtu anakufa. Dawa yenyewe, ile losheni ya BBE, ipo famasi nyingi tu hapa mjini na siyo ya gharama ya kutisha.

Nikarudi na cheti cha daktari nikamwekea meneja mezani. Hakushtuka. Akafunga mlango akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wanajua tangu mwezi uliopita, wapo kama sita hivi, wanawapaka mmojammoja "wakizidiwa", na akaniomba nisiwaambie ndugu wengine maana watahamisha wazee wao na biashara itakufa.

Tangu mwezi uliopita! Mwezi mzima tunawabusu wazee wetu, tunarudi na daladala, tunalala na watoto wetu, na yeye anajua. Jiji hili hili lilipitia kipindupindu 2015, kila mtaa tuliambiwa ukiona dalili toa taarifa mapema, na watu walifuata. Huyu anajua, anaficha, na anaendelea kupokea wazee wapya.

Mama nimemtoa siku hiyohiyo. Yuko kwa dada yangu Mbagala, tumepaka dawa familia nzima, mara ya pili ilikuwa juzi, sasa hivi analala usiku. Taarifa nimepeleka ustawi wa jamii na kwa bwana afya wa kata, kwa mdomo na kwa maandishi, nakala ninayo imegongwa muhuri.

Lakini ndugu wa wale wengine sina namba zao, na nina uhakika hawajaambiwa. Yule babu wa kitanda cha jirani na mama, anayependa kusikiliza redio sikioni na ana mtoto yupo Oman anayempigia kila Ijumaa baada ya swala, mikono yake yote miwili imechubuka kwa kujikuna. Kama unasoma hapa na unahisi ni baba yako, niandikie inboksi usiku huu huu.