Tupeane uzoefu: jasho la usiku na hedhi inayoruka

Mama Shakila, Bombo
Jana mwanangu kaniuliza kwa nini mashuka yangu yameanikwa tena. Nina miaka 46, umri wa kukaribia ukomo wa hedhi. Saa nane usiku naamka nimelowa kifua chote. Sasa nalala na leso nyepesi ya pamba, na shuka la pili liko miguuni nibadilishe bila kuwasha taa. Wenzangu mnafanyaje?

Hajati wa Kibuli
Kitambaa cha maji baridi shingoni. Na pumzi ndefu, polepole, mpaka joto lipite.

Muuza vitenge, Owino
Mimi nilimezeshwa dawa za malaria mara tatu! Kipimo hakionyeshi kitu, dawa napewa vilevile. Mara ya nne ndipo nesi akaniuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini.

Mzee wa Busia
Kunyweni mululuza, yale majani machungu. Mama zetu hawakuwa na mambo haya.

Muuza vitenge, Owino
Walikuwa nayo, mzee wangu, ila walinyamaza. Senga, shangazi yangu, alinifundisha yote ya kuanzia, ya kumalizia hakunigusia.

Bi Zai
Langu sijawahi kulisema. Ilikuwa kwanjula, sherehe ya kutambulisha mchumba, ya mpwa wangu, Masaka. Hedhi ilishapotea miezi mitatu, nikajua basi, imekwisha. Nikavaa gomesi, gauni letu la sherehe, ya rangi ya maziwa, na kikoyi kizito ndani. Tumepiga magoti mkekani tunasalimia wageni, joto likanipanda, masikio yakawaka. Mara nikasikia damu inabubujika. Wenzangu wakainuka, mimi nikabaki pale pale. Binti mmoja aliyekuwa akigawa soda akaja, akanifunga kitenge chake kiunoni bila kusema neno, akanishika mkono tukaondoka kama watu wanaopiga soga.

Damu ilitoka siku 11, nikijiambia ni umri. Ngazi mbili tu nahema. Kupimwa, kiwango cha damu (hemoglobini) kiko 7, pungufu sana. Nilimeza vidonge vya madini ya chuma miezi mitatu. Dada zangu, ukiwa unabadili pedi kila saa usingoje, nenda hospitali.

Hajati wa Kibuli
Nimelia. Binti huyo Mungu amlipe.

Mama Ronnie
Na mkeka je? Nani aliuondoa?

Bi Zai
Yeye yule. Aliukunja kabla mtu hajauona.

Nesi mstaafu, Jinja
Bi Zai kasema kweli. Na hedhi ikikatika mwaka mzima kisha damu irudi, hata tone, kapimwe. Jingine: hedhi kuruka hakuzuii mimba. Nimezalisha mama wa miaka 45 aliyedhani amemaliza.

Mama Ronnie
Acheni kahawa, yote yataisha.

Mgisu wa Mbale
Kahawa nimekulia nayo, siiachi! Nimeacha ya jioni tu, usingizi umerudi. Kinachonipandisha joto mimi ni pilipili.

Mama Ronnie
Mimi ilikuwa kahawa. Usinibishie mwili wangu.

Nesi mstaafu, Jinja
Msigombane. Andika kwenye daftari ulikula nini kabla ya joto, utajijua mwenyewe. Mifupa nayo msiisahau: mukene (dagaa), nakati (mboga ya majani), kutembea alfajiri. Mimi nainua jerikeni za lita 5, mkono huu na huu, kila asubuhi.

Muuza vitenge, Owino
Mukene wenye karanga!

Mama Shakila, Bombo
Daftari nimenunua. Ila nesi, hilo la mimba… mimi sijaona hedhi tangu mwezi juzi. Kesho asubuhi naenda kupima.