Peugeot 3008 ama VW Tiguan kwa mzee wangu?

Mama_Khayega

Habari zenu nyote. Niko hapa Khayega, nje tu ya Kakamega, nauza nafaka, na naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa juu hii pesa nimeiweka miaka sita kwa chama na ingine kama hii sitaipata karibuni. Mume wangu amefundisha shule ya msingi miaka 34 na amestaafu Disemba. Miaka mingi sasa anaendesha Probox. Imebeba mahindi yangu, imebeba watoto kwenda bodin, imebeba wagonjwa wa kijiji usiku wa manane, na hajawahi niambia hata siku moja anataka gari ingine. Sasa nataka kumnunulia gari yenye akiketi ndani atulie, ajue kazi yake tuliiona.

Niko na milioni 3 na laki 4. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa Pijo 504, ile steshen wagoni ya abiria, Kisumu mpaka Kitale, na mpaka leo mzee akiona yule simba wa Peugeot mahali husimama kwanza aangalie. Kwa hivyo roho yangu ilienda moja kwa moja kwa 3008. Lakini kijana wetu mkubwa ako Eldoret anasema hapana, chukua Volkswagen Tiguan, ati Peugeot spea hakuna na injini inakula mkanda wake yenyewe. Ndugu yangu naye anasema Volkswagen giaboksi ikikufa utauza shamba. Nimebaki hapo katikati, nikilala naota giaboksi.

Mzee ataitumia hivi: Khayega kwenda Kakamega taun karibu kila siku, kanisa Jumapili na hiyo ni rodi ya murram yenye mvua ikinyesha mnaijua, kliniki ya presha Kisumu mara moja kwa mwezi, na Krismasi Nairobi kwa watoto. Hajui chochote bado, nataka iwe sapraizi. Mngechukua gani?

Fundi wa Kondele

Mama, pole na hayo mawazo. Mimi natengeneza gari za Ulaya hapa Kisumu, VW nyingi, Peugeot chache lakini huletwa. Kijana wako na ndugu yako wote wamesema ukweli lakini wamekata nusu, juu ukisema 3008 peke yake hujasema kitu, hizo ni gari tofauti tofauti zimevaa bodi moja na lazima kwanza ujue umeonyeshwa gani.

Zenye zimetoka Uingereza nyingi ni petroli ya lita 1.2, hiyo injini wanaita PureTech. Mkanda wake wa taimingi unazunguka ndani ya oili, si nje venye tumezoea. Oili ikikaa sana ama ikiingiwa na petroli mkanda unavimba, unaanza kumeguka vipande vidogo vidogo, vile vipande vinashuka kwa sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini, vinaziba chujio ya pampu ya oili, presha inaanguka, na juu pampu inayosaidia breki inategemea oili hiyo hiyo unaweza kujikuta unakanyaga breki imekuwa ngumu kama jiwe. Hiyo si porojo ya mtaani, huko Ulaya gari ziliitwa zirudi na wenyewe wakaongeza waranti ya huo mkanda mpaka miaka 10, lakini hiyo waranti haitakufuata Kakamega. Ukionyeshwa 1.2 usikimbie bila kupima. Unafungua kifuniko cha kuwekea oili, mkanda unaonekana hapo hapo, kuna kipimo chake kidogo unauvalisha, kama mkanda umepanuka kipimo hakiingii. Dakika tano imeisha. Muuzaji akikataa upime, rudi nyumbani.

Zenye zimetoka Japani nyingi ni petroli 1.6 yenye tabo ama dizeli 2.0. Giaboksi ya zote ni otomatiki ya kampuni ya Aisin, hao ni Wajapani, hiyo mimi siiogopi. 1.6 inatumia cheni badala ya mkanda, ukiiwasha asubuhi ikiwa baridi sikiliza kama inagonga, na uangalie pale thamostati inakaa, ile inaongoza maji ya kupoza injini, ni plastiki na inapenda kuvuja maji. Dizeli ni gari tamu sana, inavuta, lakini kwa safari za mzee wako mimi nasema hapana. Dizeli ya kisasa iko na DPF, chujio ya masizi, na hiyo inataka gari iende mwendo mrefu ipate moto ijichome. Khayega Kakamega unafika kabla injini haijapata joto vizuri, unazima, kesho tena vile vile, masizi yanajaa. Tena inataka maji ya AdBlue ya kusafisha moshi, yakiisha gari inakataa kuwaka, na pampu yake ikiharibika imejengwa ndani ya tangi kwa hivyo unanunua tangi nzima.

Sasa Tiguan. Giaboksi yenye inamtisha ndugu yako ni ile DSG, otomatiki ya VW ya klachi mbili, ya gia 7 yenye klachi kavu, iko kwa Golf na Polo nyingi, na ni kweli imeliza watu. Tiguan ile ya umbo lililoanza 2016, petroli 1.4 ya Japani, iko na DSG ya gia 6 na klachi zake zinaogelea ndani ya oili. Hiyo inadumu ukiipatia oili na chujio yake kila kilomita 60,000. Shida ni watu hawabadilishi, wanaambiwa na yadi za kuuza gari ati oili ya giaboksi ni ya maisha. Shida ingine ni pampu ya maji, nyumba yake ni plastiki pia, ikianza kuvuja utaona alama ya rangi ya waridi imekauka pembeni ya injini.

Spea za Peugeot ziko, usidanganywe, lakini utaagiza Nairobi na ingine itoke nje usubiri wiki mbili tatu. Za VW ukipiga simu asubuhi kesho ziko kwa basi. Kwa mtu wa Khayega hiyo tofauti ni kubwa kuliko simba.

Nakuru_Milimani

Dada yangu, mimi sitaongea juu ya injini, fundi amemaliza. Naongea juu ya sapraizi. Mimi nilimnunulia mke wangu gari ya Ulaya bila kumwambia, nikaileta na utepe mwekundu, akalia kwa furaha, na baada ya mwezi moja nikaona ameanza kupanda matatu. Kiti kilikuwa chini sana, goti lake lilikuwa linamuuma kila akishuka na hakutaka kuniumiza roho kwa kusema. Nilikuja kujua kupitia dada yake. Tuliuza kwa hasara kubwa.

Nasema hivi juu 3008 iko na kitu yake. Stelingi ni ndogo na saa za spidi ziko juu yake, sio nyuma yake kama gari zingine, unaziangalia kwa kupitia juu ya stelingi. Kuna watu wanaingia wanapenda hapo hapo. Kuna wengine, kulingana na urefu na venye mtu amezoea kukaa, ile stelingi inafunika saa mpaka aishushe karibu kwa mapaja. Mtu ameendesha Probox miaka yote hiyo lazima aketi mwenyewe ndio ajue, wewe huwezi kumjulia. Sahau sapraizi, mpeleke.

Na ukiamua kuagiza Japani badala ya yadi, kumbuka gari haifai kupita miaka 8, na ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi 1500cc, yaani lita 1.5, ni 20% lakini ikipita hapo ni 25%. Kwa hivyo Tiguan 1.4 iko upande wa nafuu na 3008 ya 1.6 iko upande ule mwingine. Hiyo ni juu ya ushuru wa forodha, halafu VAT inakuja kwa jumla ya hayo yote, na KRA, watu wa ushuru, wanapiga hesabu kwa bei yao ya CRSP, ile wameandika ya gari hiyo ikiwa mpya, sio bei uliyolipa wewe. Bibi yangu sa hii ako na Tiguan, mwaka wa tatu huu, Nakuru Kericho Kisumu kwa mamake, tumebadilisha ile pampu ya maji mara moja na oili ya giaboksi. Hakuna kingine.

Mwalimu Mkongwe

Mama Khayega, umenigusa na hiyo Pijo ya baba mkwe. Mimi nimepanda hizo gari nikienda chuo cha walimu miaka ya themanini, mnaketi mmebanana safu tatu za viti, mizigo juu ya keria, na dereva wa Pijo alikuwa mtu wa heshima stejini, hata polisi walimjua kwa jina. 504 ilitoka 1968 na ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na hapa kwetu iliendelea kuungwa mpaka 2004. Kwa hivyo mzee wako akisimama kuangalia simba, muelewe, anamuona baba yake.

Lakini nikwambie kama mwalimu kwa bibi ya mwalimu. Ile 504 ilipendwa kwa sababu ikiharibikia Mbale ama Chavakali fundi aliingia chini na spana mbili na mnafika jioni hiyo hiyo. 3008 haina hata nati moja ya hiyo gari, inataka kompyuta kwanza ndio ikwambie inaumwa wapi, na Tiguan pia ni vile vile. Na kama ni sifa za Safari, Volkswagen nao walishinda huko mwanzoni, miaka ya hamsini, na kobe wao, huyo Beetle. Wote wawili wameshapigwa na matope yetu. Usimnunulie baba yake, mnunulie yeye na magoti yake ya leo.

Mama_Khayega

Asanteni sana, nimesoma hii yote mara mbili na nimemsomea kijana kwa simu. Nimepiga simu yadi mbili za Kisumu. Ya kwanza iko na 3008 ya Uingereza, nimeuliza ni 1.2 wakasema ndio, nikauliza kama fundi wangu anaweza kupima mkanda, yule kijana akanyamaza kidogo akasema ataniita. Hajaniita. Ya pili iko na 3008 ya Japani 1.6 na Tiguan 1.4 imetembea 58,000. Fundi, hiyo Tiguan si ndio imefika tu hapo kwa oili ya giaboksi?

Fundi wa Kondele

Ndio hapo hapo mama. Usiruhusu wakwambie imebadilishwa Japani bila karatasi. Weka hiyo gharama kwa bei, waambie wakupunguzie, halafu ibadilishwe kabla haijapanda Kakamega. Na muiendeshe ikiwa baridi, muende polepole kwa foleni, kama inaruka ruka kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili mniite kwanza. Mkiwa tayari nitakuja na mashine niisome yote.

Mama_Khayega

Nimerudi. Jumamosi nilimwambia mzee tunaenda kliniki mapema, tukaingia yadi. Aliposikia ni yake alisimama nje muda mrefu ameshika mlango. Alianza na 3008, akapapasa ule simba wa mbele, akaketi. Ile stelingi ilimfunika saa kweli, akaishusha, ikamgusa mapaja, akaipandisha tena. Alikaa hapo bila kusema kitu nikamwacha akae. Halafu akaenda kwa Tiguan, akaingia na kutoka mara tatu bila kushika goti, tukaizungusha mpaka Mamboleo na kurudi. Akaniuliza kitu kimoja tu, hii ikiharibika Khayega nani atakuja. Nikampa namba ya fundi.

Wamekubali kupunguza hiyo ya oili. Jumanne fundi anaisoma kabla tulipe. Nilimwambia mzee sasa Probox tutafutie mteja, amekataa kabisa, anasema ile itabaki ya kubeba mahindi yangu na ataiendesha yeye mwenyewe.