Amplifaya ya valvu ya wati 4 na spika za kawaida: niiuze?

Binti_Nyamanoro:
Habari za jioni wakuu. Marehemu baba ameniachia amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za kukuzia sauti, aina ya EL84, moja kila upande. Fundi aliyebadilisha kapasita zilizochoka aliniambia inatoa kama wati 4 kila upande. Nimeifunga kwenye spika zangu ndogo za sebuleni. Nyuma zimeandikwa 86 dB, omu 4, wati 100.

Usiku, mtaa ukitulia huku mlimani, nikiweka rumba ya zamani mwimbaji anakuwa kama amesimama kando ya meza. Lakini ngoma zikikolea, au mvua ikipiga bati nikaongeza sauti, muziki unapasuka na besi inalegea. Dukani wameniambia wati 4 haziwezi kusukuma spika ya wati 100, bora niiuze. Sitaki. Baba alikuwa akirudi kazini anaiwasha kwanza, valvu zikipata moto ndipo anavua viatu.

Fundi_Mstaafu_Mkuyuni:
Pole kwa msiba, mwanangu. Usiiuze.

Hiyo wati 100 ni kiasi ambacho spika inaweza kuvumilia bila kuungua. Haikuambii inadai kiasi gani ili iimbe. Namba yako ni hiyo 86, yaani desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti: ukiipa wati 1, mita 1 mbele yake utapata desibeli 86. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, kwa hiyo wati 4 zinakufikisha 92, na kwenye kochi la mbali zinapungua. Gitaa na sauti ya mtu vinatosheka. Ngoma ikipigwa inadai kwa ghafla mara kumi ya wati zilizokuwa zikitumika, na valvu haina cha kuongeza. Hapo ndipo inapasuka. Spika ya desibeli 96 ingekupa kwa wati 4 kile ambacho zako zinakitaka kwa wati 40.

Nyuma ya amplifaya umefunga waya wa spika kwenye omu 4 au kwenye omu 8? Omu ni ukinzani wa spika kwa umeme.

Pasiansi_Rumba:
Naongezea kwa mzee. Viwanda vingi hupima kwa volti 2.83. Kwenye omu 8 hiyo ni wati 1, kwenye omu 4 ni wati 2. Kama zako zilipimwa hivyo, 86 yako ni 83 kwa wati moja. Ndiyo maana zinakusumbua kuliko hata karatasi inavyosema. Na besi kulegea si ubovu: amplifaya nyingi za aina hiyo haziishiki spika kwa nguvu kama za transista. Mimi nilisogeza kiti hadi mita moja na nusu, nikapata muziki niliodhani sina.

Binti_Nyamanoro:
Shikamoo mzee. Nimeangalia, iko kwenye 8.

Fundi_Mstaafu_Mkuyuni:
Marahaba. Hamishia kwenye 4, hapo transfoma ya kutolea sauti imetengewa spika za omu 4 kama zako. Zima kwanza, chomoa plagi. Usiiwashe kamwe bila spika, transfoma hiyo inaweza kuungua, na kuipata nyingine ni kazi. Vya ndani, upande wa chini, usiguse hata ikiwa imezimwa: kapasita huhifadhi umeme na zinaweza kubaki na mamia ya volti. Tena zifunike valvu kwa wavu wa chuma, maana vile vidudu vya ziwani hufuata mwanga na vikiungulia kwenye kioo vinanuka vibaya.

Spika, tafuta za zamani, kubwa, za karatasi nyepesi, kwenye kabati kubwa. Ulizia ndugu kabla ya duka.

Binti_Nyamanoro:
Nimerudi. Kuhamishia kwenye 4 kumesaidia: mpasuko umepungua, besi imeshika kidogo. Nimesogeza na kochi. Halafu mjomba wa Igoma alikuwa na makabati mawili stoo, spika za inchi 12, moja imepasuka ukingo, nimeibandika kwa karatasi nyembamba na gundi. Jana mvua imenyesha na sikugusa kitufe cha sauti. Mama alitoka jikoni, akakaa, hakusema kitu mpaka upande wa sahani ya santuri ukaisha.