Nikimpa mwenzangu harusi, nimtoze kamisheni?

Mpambaji wa Tudor

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nina swali la pesa, na tafadhali mtu asinijibu "toa kwa moyo safi". Moyo ni safi, lakini kodi ya stoo haingoji.

Mimi hupamba harusi. Stoo yangu iko Tudor, Mombasa, kazi zangu nyingi ni kumbi za Majengo, Tononoka na Nyali, na mara mojamoja Likoni nikijisikia kuvumilia foleni ya feri na pikapu imejaa viti. Mwajua watu wetu Ramadhani hawaoi, kwa hivyo Mlisho na Mfunguo Mosi, mwezi wa kabla yake na wa baada yake, harusi hurundikana. Jumamosi moja napigiwa simu na familia tatu, na kochi la bibi harusi ninalo moja, na vijana wa kusimamisha jukwaa ni walewale. Mmoja namchukua, wawili inabidi niwape wenzangu.

Kisha wapo wale ambao mapambo nafanya mwenyewe, lakini wakishalipa dipoziti naulizwa kila kitu. Dada, mpiga picha wa kike utupatie. Dada, keki je? Mtu wa hina umjuaye? Ni jambo dogo, utasema. Sasa sikilizeni la juzi. Mama wa bibi harusi anataka mpiga picha wa usiku wa kupamba, ile shughuli ya wanawake watupu, ambaye hatatia picha hata moja mtandaoni, na anataka hilo liandikwe. Anataka pia kadi ya kamera itolewe pale pale ukumbini apewe yeye mkononi, picha zichaguliwe nyumbani kwake. Wapiga picha niliowapigia, mmoja alicheka, mwingine akasema hatoi kadi yake kwa mtu. Nikazunguka na simu hiyo mchana kutwa mpaka nikampata aliyekubali, nikaandika makubaliano mwenyewe kwenye WhatsApp, nikawaunganisha. Mpiga picha akalipwa 45,000. Mimi nikapata "shukran dada" na emoji mbili za maua.

Na keki ya harusi hiyohiyo ilipofika saa nne usiku, ubavu umebonyea, nani alipigiwa simu? Si mtengeneza keki.

Basi nataka kuanza kutoza. Kiasi gani? Mteja aambiwe au asiambiwe? Na mpambaji mwenzangu niliyempa harusi nzima naye atoe, au ni aibu? Shangazi yangu asema nikianza hivyo nimekuwa dalali, na alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya ndimu.

Kamera ya Kisauni

Dada, mimi niko upande wa pili, ndiye ninayepelekewa kazi. Mchana wa nikaha napiga mimi, usiku wa kupamba anaingia mke wangu. Kamisheni natoa na sina kinyongo, kwa sababu mteja aliyeletwa na mpambaji huwa ameshakata shauri, habishani bei.

Ila msidhani pesa hiyo inatoka mfukoni mwangu. Ukinidai 10% kwenye kazi ya 45,000, kwa mteja wa kwanza nitaumia. Wa tatu nitamtajia 50,000. Mama mtu akija kukutana na jirani yake aliyenijia moja kwa moja, wakalinganisha, tutaaibika sote wawili. Na Mombasa hii watu hulinganisha. Wanakutana kwenye harusi nyingine wiki inayofuata, wameketi mkeka mmoja.

Kinachoniudhi mimi ni wakati. Kuna wanaotaka chao siku ileile mteja anapolipa dipoziti. Harusi ikiahirishwa nadaiwa nirudishe, na mwenye kamisheni hashiki simu. Kwa hivyo siku hizi natoa 3,000 kwa harusi, awe mteja amechukua albamu kubwa au hakuchukua kabisa, na naituma nikishalipwa baki yangu. Hatuna haja ya kuonyeshana risiti.

Na kama umenipa namba tu, "mpigie huyu", hapo hunidai kitu. Namba yangu imeandikwa kwenye gari.

Dalali Mstaafu

Binti yangu, shangazi yako mpe salamu. Udalali nimeula miaka mingi, magari na viwanja, na watoto wamesoma kwao. Mwambie afungue Sahihi ya Bukhari, Kitabu cha Ijara, mlango wa ujira wa dalali. Imeandikwa pale kwamba wanazuoni wa kale, Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira huo. Na Ibn Abbas amesema si vibaya mtu kumwambia mwenziwe: uza nguo hii, kitakachozidi kiasi kadha ni chako.

Litazame hilo vizuri. Anayesema ni mwenye nguo. Anajua kuna kitakachozidi na ameridhia kabla nguo haijatoka dukani. Hiki cha juu chetu cha siku hizi ni kinyume chake, mwenye mali hajui na mnunuzi hajui, anayejua ni wa katikati peke yake. Ndiyo maana jina limenuka. Kwa hivyo mteja aambiwe, na aambiwe na wewe, kabla hajasikia kwa mtu. Maneno machache tu: "Huyu nikimleta hunipa kitu kidogo, na kazi yake naijua." Sijaona mteja aliyekimbia kwa hilo. Aliyekimbia ni aliyekuja kujua mwenyewe.

Asilimia wanazuoni wamehitilafiana, maana kiasi chenyewe hakijulikani mwanzo. Kijana wa kamera na hizo 3,000 zake amekaa mahali pa salama.

Mpambaji mwenzako mimi singemtoza. Mlisho huu umejaa wewe, ujao atajaa yeye. Muazimane viti, mambo yaishe.

Mama Mapazia, Mtaa wa Biashara

Mzee wangu, kwa heshima zote, viti huazimwi ukarudishiwa vyote. Mimi nilishaacha. Huyo mpambaji atoe, tena zaidi ya mpiga picha! Mpiga picha hamnyang'anyi mteja. Mpambaji akishapamba harusi ya dada mkubwa, wadogo wote watatu ni wake, na binamu zao wa Lamu. Unampa familia, humpi Jumamosi.

Bi Hesabu

Nyote mnaongea kana kwamba KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, iko sayari nyingine, kwa hivyo niacheni niharibu mazungumzo.

Kamisheni ni mapato yako, ndogo au kubwa, ikija kwa M-Pesa au kwa bahasha. Mpe invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za mtandaoni, anayekulipa, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi hiyo kwa kawaida haimpunguzii kodi, na huyo wa kamera akiwa na akili ataidai. Malipo ya uwakala kwa mkazi wa Kenya yakifika 24,000 kwa mwezi, mlipaji hutakiwa kukata 5% na kuipeleka KRA. Kwa harusi moja ya 3,000 hufiki. Kwa ukumbi unaokupa kazi Mfunguo Mosi mzima, unaweza kufika, basi usishangae ukilipwa pungufu. Dai cheti cha makato tu.

La hatari zaidi ni hili ambalo wapambaji wengi hufanya: mteja anatuma pesa zote kwako, za picha, keki, hina, wewe unazigawa. Kwenye taarifa ya M-Pesa zote zinasomeka ni mauzo yako. Mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka unatakiwa kujisajili VAT, na ukianza kueleza kwamba nusu ni za mwenye keki, utaulizwa karatasi iko wapi. Kila mtu alipwe na mteja moja kwa moja. Chako kije baadaye, peke yake, na jina lake.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo: mfanyakazi wa hoteli au ukumbi anayetaka asilimia iingie kwenye simu yake, mwajiri wake asijue, msimweke kapu moja na dada wa Tudor. Sheria ya Hongo ya 2016 inahusu kampuni binafsi pia, si ofisi za serikali tu, na anayetoa humo na anayepokea wote wamo.

Mpambaji wa Tudor

Allah awalipe. Bi Hesabu, mimi ndiye huyo ninayezigawa, sitasema zaidi.

Kwa wapambaji namsikiza Mama Mapazia, ila nitaanza na mmoja tuliyezoeana nione atasemaje. Kwa wengine nimeandika huu ujumbe, niambieni:

"Mteja huyu nakupa wewe. Mtaelewana bei na atakulipa mwenyewe. Ukishapata baki yako utanitumia 3,000 nami nitakupa invoisi. Mteja anajua kwamba napata kitu kwako. Ukichelewa au ukiharibu, mimi simo."

Kamera ya Kisauni

Huo mstari wa mwisho ufute. Kama haumo, 3,000 natoa ya nini? Utapigiwa simu utake usitake, umeshasema mwenyewe habari ya keki. Mimi nalipa ili mama mtu akipiga saa tano usiku kuuliza picha, akupigie wewe. Na uniambie ukumbi unafunguliwa saa ngapi, maana kila mara nafika nakuta kufuli.

Mpambaji wa Tudor

Haya. Nimefuta, nimeweka: "Simu za mteja nitashika mimi mpaka siku ya shughuli iishe, na funguo za ukumbi nitakuwa nazo."

Lakini kama simu za saa tano usiku ni zangu, basi 3,000 haitoshi. 4,000.

Kamera ya Kisauni

3,500. Na ya keki umdai mwenye keki.